Maji Yaliyokolea

"Upungufu wa maji mwilini" ni istilahi yenye sauti ya ofisi. Ina ndugu wengi: upungufu wa damu, upungufu wa walimu, upungufu wa bajeti. Wote wameundwa kwa namna moja, nomino nzito mbele, "wa" katikati, na mwenye shida hatajwi popote. Mama aliyembeba mtoto kwenda zahanati hasemi hivyo. Yeye atasema mtoto "ameishiwa maji", au "amekaukiwa". Kitenzi chake kina -iwa mwishoni, kiambishi kile kile cha kufiwa na kuibiwa, ambacho hakikubali jambo litokee bila kumtaja aliyepatwa nalo.

Naipenda kauli ya mama kuliko ya ofisi, lakini safari hii sigombei ufasaha. Nagombea chumvi. Kauli zote mbili zinataja maji peke yake, na kinachomtoka mgonjwa si maji peke yake. Jasho lina chumvi, machozi yana chumvi, na choo cha kipindupindu, kile kinachofanana na maji yaliyooshewa mchele, kina chumvi inayokaribia kiwango cha damu yenyewe. Kilema hiki hatukukianzisha sisi. Istilahi ya Wazungu imejengwa juu ya neno la Kigiriki la maji, nasi tulipoitafsiri tukakirithi kilema pamoja na neno. Ajabu ni kwamba Kiswahili kilikuwa tayari na maneno ya kulisema jambo hili vizuri zaidi, ila yako jikoni na kisimani, mahali ambapo waundaji wa istilahi hawakawii kupita bila kugeuka.

Tuanze kisimani. Watu wa pwani hawana maji ya aina moja. Yapo maji matamu, ambayo hayana sukari hata chembe, utamu wake ni kule kukosa chumvi. Hayo hayo huitwa pia maji baridi, hata yakiwa yamepata moto wa jua la saa nane mchana, ndiyo maana sato wa Ziwa Victoria ni samaki wa maji baridi. Yapo maji chumvi, yaani bahari. Na katikati yapo maji ya chumvichumvi, yale ya kisima kilichochimbwa karibu na ufuko, yanayofaa kuoshea vyombo na kumchukiza mgeni kwenye chai. Kurudufu neno mara nyingi huzidisha, lakini kwenye ladha hupunguza: utamutamu si utamu kamili, uchunguchungu ni dalili tu ya uchungu, na chumvichumvi ni chumvi iliyosimama nusu ya njia.

Damu ya binadamu ni maji ya chumvichumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Ile chupa ya maji ya chumvi inayotundikwa kando ya kitanda hospitalini ina gramu 9 kwa lita, na imewekwa hivyo ili iende sambamba na damu. Mwili wa mwanamume mzima ni maji kwa kiasi cha asilimia 60 ya uzito wake, na wa mtoto mchanga kama asilimia 75. Theluthi mbili za maji hayo zimo ndani ya seli, ambako potasiamu ndiyo nyingi. Theluthi moja iko nje ya seli, kwenye damu na katika nafasi zinazozizunguka seli, na huko sodiamu ndiyo inayotawala. Maji hayana mlinzi wa kuyazuia yasivuke kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Hufuata chumvi. Upande ukizidiwa chumvi, huyavuta. Ukipungukiwa, huyaacha yaondoke. Mwili hushika maji hasa kwa kushika chumvi, na huo ndio msingi wa yote yanayofuata. Ndiyo maana pia baharia aliyekwama hawezi kujiokoa kwa kunywa bahari: figo zake hazina uwezo wa kutengeneza mkojo wenye chumvi nyingi kuliko maji yale, hivyo kila anachokunywa humgharimu maji zaidi ya aliyoyapata.

Sasa jikoni. Mpishi hasemi chumvi "iko katika kiwango kinachotakiwa". Anasema imekolea. Kukolea ni kitenzi kizuri mno, kwa sababu hakizungumzii wingi wa chumvi wala wingi wa mchuzi, kinazungumzia uhusiano wa viwili hivyo. Ongeza maji, mchuzi utakuwa chapwa ingawa chumvi ni ile ile. Acha sufuria motoni mchuzi ukauke, utakolea kupita kiasi bila mtu kuongeza hata punje. Wanakemia wetu walipotafuta neno la kueleza ni kiasi gani cha kitu kimeyeyuka katika kimiminika, waliingia jikoni wakatoka na "ukolezi". Kwangu mimi hiyo ni miongoni mwa istilahi bora za sayansi tulizonazo. Kila mwanafunzi aliyewahi kuonja mchuzi anaielewa kabla mwalimu hajamaliza sentensi.

Tabu ni kwamba ukolezi ulibaki kwenye kemia, haukuvuka kwenda kwenye tiba. Daktari anapomtazama mgonjwa aliyeishiwa maji, anajiuliza maswali mawili: yamepotea kiasi gani, na yaliyobaki yamekolea vipi? Neno "upungufu" linajibu la kwanza tu. La pili linaachwa litafutwe maabara, ambako sodiamu ya damu ikiwa kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita huhesabiwa kuwa sawa. Ikishuka chini ya hapo, vitabu vinatoa jina refu la Kilatini na Kigiriki ambalo sitamsumbua nalo msomaji. Mimi ningeiita damu chapwa. Ikipanda juu, damu imekolea kupita kiasi. Najua maprofesa watacheka. Wacheke, mradi wakubali kwamba mgonjwa ameelewa.

Nikishafika kwenye chumvi yenyewe siwezi kupita haraka, maana jina lake lina ukoo. Kamusi zetu zinalo pia neno munyu kwa maana hiyo hiyo, na munyu ni jamaa wa umunyu wa Rwanda na Burundi na omunnyo wa Uganda. Chumvi ilisafiri sana bara, na maneno yake yakasafiri nayo. Chemchemi za Uvinza, upande wa Kigoma, zimetoa chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na mbali na pwani wako waliochoma majani na kuchuja majivu ili wapate kitu cha kukoleza chakula. Halafu kuna magadi, yanayolainisha makande na kisamvu. Magadi si chumvi ya mezani. Ile ni kloridi ya sodiamu, haya ni kabonati zake, lakini sodiamu ni ile ile.

Hapa ramani ina kichekesho chake. Ziwa Natron liko Tanzania, na ukivuka mpaka kidogo tu kuelekea kaskazini unalikuta Ziwa Magadi la Kenya. Majina mawili, maana moja. Natron ni neno lililopitia natruni ya Waarabu likaingia Ulaya, na likazaa jina la Kilatini la sodiamu, ndipo kemia ikapata alama yake, Na. Kila mwanafunzi anayeandika NaCl daftarini anaandika magadi pasipo kujua. Ndiyo sababu baadhi ya waandishi wa Kiswahili huiita sodiamu "natiri", na hoja yao ina nguvu, kwa kuwa jina lingelingana na alama. Lakini wale wale huiita potasiamu "kali", kutokana na neno la Kiarabu la majivu ya mimea, na hapo ndipo ninapowaaga. Mwambie mgonjwa kwamba kali ya damu yake imeshuka, uone atakavyokutazama. Nimechagua sodiamu na potasiamu kwa sababu ndizo zilizomo darasani na kwenye maandishi ya pakiti za dawa.

Kiu nayo tuiulize. Kiswahili hakisemi kiu imejazwa wala imelipwa. Kiu hukatwa. Nimelifikiria sana tendo hilo la kukata, na naona lina ukweli wa kitabibu ndani yake. Ubongo una sehemu inayopima ukolezi wa damu, nayo ndiyo inayoamsha kiu kwa kawaida. Anayefunga Ramadhani analijua hilo bila kusoma kitabu, kwani vyakula vyenye chumvi nyingi wakati wa daku huepukwa: chumvi huyavuta maji kutoka kwenye seli, na adhuhuri haijafika ulimi umeshashikwa. Sasa mchukue mtu aliyeshinda juani akitokwa na jasho. Jasho lina chumvi kidogo kuliko damu, kwa hiyo mwanzoni damu yake inazidi kukolea, kiu inamshika, anakunywa maji matupu. Damu inarudi ukolezi wake mapema, ubongo unaridhika, kiu inakatika, na figo zinaanza kumwaga ziada. Maji yaliyopotea bado hayajarudi yote. Kiu imekatwa, mwili haujajazwa. Maji hayo yangekuja na chumvi kidogo, au na chakula chenye chumvi, yangekaa.

Kwa mtu wa kawaida anayekula milo yake hili halina hatari yoyote, chumvi ya mchana na ya usiku inatosha na mara nyingi inazidi. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asivuke gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na wenye presha wana sababu ya kuwa wakali zaidi. Kwa hiyo asinisome mtu akaenda kunyunyiza chumvi kwenye kachumbari kwa kisingizio cha makala hii. Mzee aliyeishi miaka mingi tunamsifu kwamba amekula chumvi nyingi, lakini ile ni sifa ya miaka.

Hatari inakuja pale maji matupu yanapozidi. Katika mbio za marathoni za Boston mwaka 2002, watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488 mwishoni mwa mbio. Asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyoshuka chini ya kiwango. Hawa hawakuwa wameishiwa maji. Wengi wao walikuwa wamekunywa mno, hata wengine wakamaliza mbio wakiwa na uzito mkubwa kuliko walioanza nao. Damu chapwa husababisha seli za ubongo kuvimba, na mtu anaweza kufa. Neno "upungufu" halina nafasi ya mgonjwa wa namna hii: anatapika, amechanganyikiwa, wenzake wanamwona amelegea, wanamwongezea maji.

Kipindupindu ni kinyume chake. Jina hilo lina kupinda na kupindua ndani yake, na aliyewahi kumwona mgonjwa akipindwa na misuli kwa kuishiwa chumvi hahitaji kuelezwa. Pwani yetu inakijua toka zamani. James Christie, daktari aliyefanya kazi Zanzibar, alikieleza kile cha 1869 na 1870 katika kitabu alichokitoa mwaka 1876. Mgonjwa aliyeshikwa sana anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Hapa maji na chumvi vinaondoka pamoja, karibu kwa ukolezi ule ule wa damu, kwa hiyo damu inayobaki si chapwa wala haijakolea sana. Ni kidogo tu. Inapungua mpaka moyo unakosa cha kusukuma. Utosi wa mtoto unabonyea, macho yanaingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi taratibu.

Dawa ilijulikana mapema kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1832, huko Leith nchini Uskochi, daktari Thomas Latta aliwaingizia wagonjwa wa kipindupindu maji yenye chumvi kwenye mishipa, na baadhi yao wakaamka. Kisha jambo likasahauliwa kwa miongo mingi. Lakini mshipa unataka sindano, chupa safi na mtu mwenye ujuzi, na kipindupindu hakipendi mahali penye vitu hivyo. Kilichokuwa kinatafutwa ni njia ya mdomo, na njia hiyo ilikuwa imefungwa kwa fumbo: mgonjwa akinywa maji ya chumvi, yanapita yote, na pengine anaharisha zaidi.

Fumbo lilifumbuliwa na sukari. Mwaka 1960, mjini Prague, Robert Crane alieleza kwamba glukosi na sodiamu huvuka ukuta wa utumbo mdogo zikiwa pamoja. Leo tunajua kuna protini inayozishika kwa hesabu kamili, sodiamu mbili kwa kila glukosi moja, na maji yanafuata nyuma yao. Sumu ya kipindupindu huharibu njia nyingine za kuingiza chumvi lakini hii haiigusi. Kwa hiyo sukari kwenye maji yale haimo ili kumpa mtoto nguvu, wala kumbembeleza anywe, kama wengi tunavyoamini. Imo kwa ajili ya kuivusha chumvi, na chumvi imo kwa ajili ya kuyavusha maji. Mwaka 1968 watafiti wa Dhaka walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kurudishiwa maji kwa kunywa. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipofukuza mamilioni ya watu kuingia India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu katika kambi ya Bangaon. Akaagiza chumvi, glukosi na magadi soda vichanganywe kwenye mapipa, ndugu wa wagonjwa wakawanywesha kwa vikombe. Vifo, ambavyo vilikuwa vimefika kama 30 katika kila wagonjwa 100, vilishuka chini ya 4.

Na sasa nafika kwenye neno ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kuanzia mwaka 1980 shirika la BRAC la Bangladesh lilituma wanawake nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kuchanganya dawa hii wenyewe, na kufikia 1990 walikuwa wamefika katika nyumba zaidi ya milioni 12. Mwalimu alilipwa kulingana na yale ambayo mama aliyemfundisha aliyakumbuka baadaye, utaratibu ambao ningependa kuuona kwenye semina nyingi za kwetu. Hawakufundisha istilahi yoyote ya Kigiriki. Waliiita lobon-gur. Lobon ni chumvi kwa Kibengali. Gur ni ile ile tunayoiita sukari guru, neno lililovuka Bahari ya Hindi pamoja na bidhaa yake. Chumvi ya kushikwa kwa vidole vitatu, sukari guru ya kujaa konzi moja, maji nusu lita hivi. Jina ni mapishi. Mama akilikumbuka jina, amekumbuka viungo viwili vinavyosahaulika, na maji hakuna anayeyasahau.

Lilinganishe na tunayoyasikia kwetu. Pakiti ya dawa hii inaitwa ORS, o-ara-esi, herufi tatu ambazo mama hawezi kuzifungua akapata kitu ndani. Hospitalini mgonjwa "anatundikiwa maji" au "anawekewa dripu", na ndugu anarudi nyumbani akisimulia kwamba ni maji tu yaliyomponya. Kisha tunashangaa kwa nini mtoto anayeendesha anapewa maji matupu, chai ya rangi au soda. Wengine humpa dafu, ambalo nalo lina sifa zake, lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu haba, kwa hiyo kwa kipindupindu halitoshi. Wahudumu wa afya wa jamii wamekuwa wakisema "maji ya chumvi na sukari" kwa muda mrefu, na hawajawahi kupongezwa kwa kuwa wao ndio walioipata istilahi.

Ninachokiomba kwa mabaraza ya Kiswahili, BAKITA na BAKIZA, na kwa wote wanaoandika vipeperushi vya afya, si kikubwa. Pale panapoandikwa "upungufu wa maji mwilini", paandikwe "kuishiwa maji na chumvi". Maneno ni manne kwa manne, hata wino hautaongezeka. Dawa yake iitwe kwa jina linalojieleza, maji ya chumvi na sukari, na o-ara-esi ibaki kwenye pakiti kwa ajili ya mfamasia. Ukolezi uruhusiwe kuingia wodini.

Wewe msomaji usingoje kamati. Ukiwa na mtoto anayeharisha, pakiti ya dukani ndiyo ya kwanza, kwa kuwa vipimo vyake ni kamili na ina potasiamu, na zahanati watamwongezea vidonge vya zinki. Pakiti ikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa, usikadirie kwa jicho, maana chumvi ikizidi inadhuru. Mnyweshe kidogo kidogo, endelea kumnyonyesha, na macho yakiingia ndani au akashindwa kunywa, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.